Kujenga Modeli ya Kelele za Sumakuumeme Zinazotoka Kwenye Chipu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mara transista za ndani ya chipu zinapobadili hali, mkondo mfupi na mkali huvutwa kupitia miguu ya umeme, na mkondo huo ndio mzizi wa sehemu kubwa ya kelele za sumakuumeme ambazo baadaye huonekana kwenye bodi, kwenye nyaya na hatimaye kwenye antena ya maabara ya upimaji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga modeli ndogo ya kelele hizo ukiwa mtumiaji wa chipu na si mtengenezaji wake. Huna michoro ya ndani ya silikoni na hutaipata. Ulicho nacho ni datashiti, bodi moja au mbili, vifaa vichache vya kupimia na programu ya kuiga saketi. Msomaji anachukuliwa kuwa anaielewa saketi ya ukinzani, induktansi na kapasitansi, na kwamba hesabu za desibeli hazimtishi.

Umbo la modeli tutakalolifuata ni lile linaloitwa ICEM-CE, yaani modeli ya kelele ambazo chipu hutoa kupitia miguu na nyaya, lililowekwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 62433-2, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008 na la pili mwaka 2017. Modeli hiyo ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni mtandao tuli wa kugawa umeme, yaani nyuzi, ganda la chipu na kapasitansi ya silikoni yenyewe. Ya pili ni chanzo cha mkondo kinachowakilisha shughuli ya ndani, na ya tatu ni viungo vinavyopitisha kelele kutoka bloku moja ya chipu hadi nyingine. Wengi huanza na chanzo kwa sababu ndicho kinachoonekana kuwa kiini cha jambo. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Mtandao tuli unaweza kupimwa moja kwa moja kutoka nje, ilhali chanzo hakipimiki ila kwa kupitia mtandao huo, na kosa lolote lililomo kwenye mtandao litajificha ndani ya chanzo na kusafiri nacho hadi kwenye bodi nyingine.

Ili hesabu zisielee hewani, tutatumia chipu moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho: maikrokontrola ya volti 3.3, yenye kloki ya 16 MHz, inayokula wastani wa 8 mA. Namba zake ni za mfano tu, nazo nimezichagua ziwe kali kiasi kwa makusudi, lakini ukubwa wake hauko mbali na kile utakachokikuta mezani.

Hatua ya kwanza: amua modeli itajibu swali gani

Modeli ya kutabiri mkondo kwenye miguu ya umeme hadi 200 MHz ni kazi ya siku chache. Modeli ya kutabiri uga wa sumaku juu ya ganda hadi 1 GHz ni kazi nyingine kabisa, na ina kiwango chake, IEC 62433-3. Kabla ya kugusa kifaa chochote, andika ukomo wa masafa, miguu inayohusika, na programu ambayo chipu itakuwa ikiiendesha wakati wa kupimwa. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno. Chipu iliyo kwenye kitanzi kitupu na chipu ileile inayosoma kumbukumbu mfululizo hazitoi kelele sawa, na modeli isiyosema ilijengwa chini ya programu ipi haiwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

Hatua ya pili: pima mtandao tuli

Kifaa kinachohitajika hapa ni kichanganuzi cha mitandao cha masafa ya redio. Cha maabara ni bora, lakini hata kile kidogo cha mkononi, NanoVNA, kinatosha kwa masafa ya chini ya mia kadhaa za MHz, mradi kisawazishwe kwa uangalifu mwishoni kabisa mwa kebo, na urefu wa njia iliyobaki hadi kwenye miguu ya chipu uondolewe kwenye hesabu.

Ondoa kapasita zote za nje zilizo kwenye njia ya umeme unayoipima, la sivyo utakuwa unaipima kapasita na si chipu. Kisha ilishe chipu umeme wake wa kawaida kupitia kiungo kinachotenganisha mkondo wa moja kwa moja na mawimbi ya redio, na uizuie isifanye kazi kwa kushikilia mguu wake wa kuanzisha upya. Umeme ni wa lazima kwa sababu kapasitansi ya makutano na ya mageti ndani ya silikoni hubadilika kulingana na volti iliyopo, na chipu iliyolala bila umeme itakupa thamani isiyo ya kweli. Iwapo chipu ina kidhibiti volti cha ndani kinacholisha kiini chake, usipime kwenye mguu wa 3.3 V ukidhani umekifikia kiini. Tafuta mguu ambao datashiti inaagiza uwekewe kapasita ya kidhibiti hicho, kwani huo ndio mlango halisi wa kiini.

Kwenye chipu yetu ya mfano, mchoro wa impedansi kati ya VDD (mguu wa umeme) na VSS (mguu wa ardhi) utaonyesha mambo matatu. Katika masafa ya chini impedansi inashuka kwa utaratibu kadiri masafa yanavyopanda. Ukisoma takriban ohmu 159 kwenye 1 MHz, kapasitansi ya silikoni ni 1 nF. Katika masafa ya juu impedansi inapanda, na kwenye 500 MHz ukisoma takriban ohmu 12, basi induktansi ya ganda pamoja na nyuzi zake ni kama 4 nH. Katikati kuna shimo, ambalo kwa thamani hizo litakaa karibu na 80 MHz kwa mujibu wa f = 1 ÷ (2π√(LC)), na kina cha shimo hilo ndicho ukinzani wote wa njia, ambao hapa tuchukue kuwa ohmu 0.3.

Ukinzani huo mdogo ndio unaosumbua zaidi, na pia ndio unaoamua matokeo, kwa hiyo inafaa kuutendea haki. Ukiupima kwa njia ya kuakisi wimbi kwenye mlango mmoja wa ohmu 50, ohmu 0.3 hupunguza wimbi linalorudi kwa takriban desibeli 0.1 pekee, kwa hiyo kosa la desibeli 0.05 katika usawazishaji hubadilisha jibu karibu kwa nusu. Njia iliyo salama ni kutumia milango miwili. Unganisha milango yote miwili kwenye nukta ileile ya VDD, rudisha ardhi zote kwenye VSS, pima kiasi kinachopita kutoka mlango wa kwanza kwenda wa pili, kisha tumia Z = 25 × S21 ÷ (1 − S21), ambapo S21 ni uwiano wa wimbi lililofika mlango wa pili kwa lile lililotumwa kutoka wa kwanza. Ohmu 0.3 sasa itaonekana kama upungufu wa takriban desibeli 38.5, kiwango ambacho kifaa cha kawaida hukisoma bila taabu.

Chipu nyingi zina jozi kadhaa za VDD na VSS. Kwa modeli ya kwanza, ziunganishe zote kuwa jozi moja. Kuzitenganisha kunafaa pale tu ambapo bodi inazilisha kwa njia tofauti, au pale sehemu ya analogi ina miguu yake, na hapo ndipo sehemu ya tatu ya modeli, viungo kati ya bloku, inapoingia. Kiungo hicho kwa kawaida huwa ni rezista moja inayowakilisha silikoni ya chini pamoja na kapasita ndogo sambamba nayo, nacho hupimwa kwa kuweka mlango mmoja wa kichanganuzi kwenye kila jozi.

Hatua ya tatu: kadiria chanzo cha mkondo

Kabla ya kupima kelele yoyote, fanya makadirio kwa kalamu na karatasi. Mkondo wa wastani ukigawanywa kwa masafa ya kloki hukupa chaji inayotumika katika kila mzunguko: 8 mA kwa 16 MHz ni nanokulombu 0.5. Chaji hiyo haitiririki polepole. Huvutwa mara tu baada ya ukingo wa kloki, katika muda unaotegemea idadi ya ngazi za mantiki ambazo ishara inazipitia. Tukichukua umbo la pembetatu lenye kitako cha nanosekunde 4, kilele chake ni mara mbili ya chaji ikigawanywa kwa kitako, yaani 250 mA. Watu hushangaa wakisikia kwamba chipu inayokula 8 mA ina mapigo ya robo ampea ndani yake, lakini hesabu ni hiyo, na sehemu ya pigo hilo huwa inatolewa na kapasitansi ya silikoni yenyewe bila kutoka nje.

Toa kwanza kwenye mkondo wa wastani kile kisichotegemea kloki. Pima matumizi katika masafa mawili au matatu ya kloki na uchore mstari. Mahali mstari unapofika masafa sifuri ndipo ulipo mkondo tuli, ambao hauna mchango wowote katika hamoniki, yaani masafa yaliyo mara kamili za masafa ya kloki. Chipu yetu ya mfano haina mkondo tuli wa kutajika, hivyo 8 mA zote zinahesabika.

Hamoniki za pembetatu hupatikana kwa mara mbili ya mkondo wa wastani, ikizidishwa kwa mraba wa sin(x) ÷ x, ambapo x ni π mara masafa ya hamoniki mara nusu ya kitako. Hamoniki za mwanzo zitakuwa na kilele cha karibu 16 mA kila moja. Ya nne, kwenye 64 MHz, ni 15.2 mA, na ya tano, kwenye 80 MHz, ni 14.7 mA. Spektra, yaani picha ya ukubwa wa hamoniki kwa kila masafa, inashuka polepole mwanzoni, na inagusa sifuri kwa mara ya kwanza kwenye 500 MHz. Somo lililomo ni kwamba katika masafa ambayo bidhaa nyingi hushindwa majaribio, umbo kamili la pigo halina uzito mkubwa. Chaji ndiyo yenye uzito. Usipoteze siku nzima ukibishana kama pigo ni pembetatu au lina mkia.

Kwa kawaida kuna pigo kubwa kwenye ukingo wa kupanda wa kloki na pigo dogo kwenye ukingo wa kushuka. Ukitaka kuliongeza la pili, ligawie sehemu ya chaji na ulicheleweshe kwa nusu mzunguko. Chaji yote ikibaki ileile, hamoniki zenye namba shufwa zitabaki karibu zilivyo, na zenye namba witiri zitapungua.

Hatua ya nne: unganisha yote katika programu ya kuiga saketi

Programu huria ya ngspice inatosha kabisa. Ipo pia IC-EMC, iliyotengenezwa INSA, chuo cha uhandisi cha mjini Toulouse, Ufaransa, mahususi kwa kazi hii. Faili ya saketi ya chipu yetu, ikiwa na kapasita moja ya nje ya nanofaradi 100, ni hii:

* Modeli ya chipu ya mfano
Vs src 0 DC 3.3
Rs src s1 10
Ls s1 vdd 10u
Ck vdd k 100n
Lk k 0 1n
Lv vdd v1 2n
Rv v1 vi 0.05
Cd vi d 1n
Rd d gi 0.2
IA vi gi AC 1 PULSE(0 0.25 0 2n 2n 1p 62.5n)
Rg gi g1 0.05
Lg g1 vss 2n
Vm vss 0 0

Induktansi ya 10 µH huizuia betri isishiriki katika masafa tunayoyachunguza, na rezista ya ohmu 10 huzuia induktansi hiyo isitetemeke na kapasita ya nje kwenye takriban 160 kHz na kukuchelewesha kupata hali iliyotulia. Kapasita ya nje imepewa 1 nH yake, ambayo inajumuisha njia ya bodi na matundu yanayounganisha tabaka zake. Vm ni volti sifuri, kazi yake ni kutusomea mkondo unaorudi.

Endesha kwanza uchambuzi wa masafa kutoka 1 MHz hadi 1 GHz. Kwa kuwa chanzo kina ukubwa wa 1, mkondo wa Vm unakuonyesha moja kwa moja ni mara ngapi mkondo wa ndani unakuzwa au kupunguzwa unapotoka nje. Utaona kilele kwenye takriban 71 MHz, si 80 MHz tuliyoiona mezani, kwa sababu nanohenri 1 ya bodi imejumlishwa kwenye nanohenri 4 za ganda. Shimo la chipu peke yake na kilele cha chipu ikiwa ndani ya bidhaa ni vitu viwili tofauti, na anayechukua cha kwanza badala ya cha pili hutafuta tatizo mahali lisipokuwepo.

Kisha endesha uchambuzi wa muda. Chukua dirisha lenye idadi kamili ya mizunguko ya kloki, kwa mfano mikrosekunde 10, ambazo ni mizunguko 160 ya 16 MHz, vinginevyo nishati ya hamoniki itavuja kuelekea masafa jirani. Kumbuka kutoa amri ya linearize kabla ya fft, kwani ngspice hutumia hatua za muda zisizo sawa na hesabu ya Fourier inazitaka ziwe sawa.

Hatua ya tano: linganisha na kipimo

Kipimo kinachoendana na modeli hii ni kile cha ohmu 1 na ohmu 150, kilichoelezwa katika IEC 61967-4 kwa masafa ya 150 kHz hadi 1 GHz. Kwa mkondo wa umeme, rezista ya ohmu 1 huwekwa kwenye njia ya VSS, na ishara yake hupitishwa kwenye rezista ya ohmu 49 kuelekea kipokezi cha ohmu 50. Kwa miguu ya ishara hutumika mtandao wa kapasita ya nanofaradi 6.8 ukifuatwa na rezista ya ohmu 120 na ya ohmu 51, ambao kwa pamoja huuonyesha mguu mzigo wa takriban ohmu 150.

Kabla ya kulaumu modeli, fanya masahihisho mawili. Kipokezi kinaona nusu tu ya volti iliyo kwenye ohmu 1, kwa hiyo ongeza desibeli 6. Aidha, kichanganuzi cha spektra husoma thamani faafu, yaani kilele kikigawanywa kwa mzizi wa mbili, ilhali hesabu ya Fourier ya programu hutoa kilele, kwa hiyo kuna desibeli 3 nyingine. Desibeli 9 zilizosahauliwa zinatosha kumfanya mtu aibomoe modeli iliyokuwa sahihi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika kazi hii. Rezista ya ohmu 1 ni kifaa cha kupimia, lakini pia ni ukinzani mkubwa kupita ukinzani wote wa njia uliokuwepo. Njia yetu ilikuwa na ohmu 0.3, sasa ina 1.3, na kilele cha 71 MHz kimedhoofika na kutanda kiasi cha kutoonekana wazi. Tuseme mwenye mradi anauliza kama anaweza kupandisha kloki kutoka 16 hadi 24 MHz, chaji ya kila mzunguko ikibaki ileile. Hamoniki ya tatu ya kloki mpya iko 72 MHz, karibu kabisa juu ya kilele, ilhali hamoniki ya nne ya kloki ya zamani ilikuwa 64 MHz, pembeni kidogo.

Kwenye kifaa cha kupimia chenye ohmu 1, mkondo wa 64 MHz unakuzwa mara 1.8 na kufikia 27 mA, na ule wa 72 MHz unakuzwa mara 1.7 na kufikia 38 mA. Tofauti ni karibu desibeli 3, na karibu yote inatokana na kwamba kloki mpya inavuta chaji mara nyingi zaidi kwa sekunde. Yeyote angetia saini. Kwenye bodi halisi yenye ohmu 0.3, mkondo wa 64 MHz unakuzwa mara 4.4 na kufikia 67 mA, ilhali ule wa 72 MHz unakuzwa mara 7.3 na kufikia 163 mA. Tofauti imekuwa karibu desibeli 8. Kipimo hakikudanganya, kwa maana kilipima sawasawa saketi iliyokuwa mbele yake, lakini saketi hiyo si bidhaa. Ndiyo maana modeli inafaa: unaihakiki ikiwa na ohmu 1 ndani yake, kisha unaitoa ohmu hiyo na kuweka bodi yako.

Kwa hiyo, unapolinganisha, badilisha mstari wa Vm uwe Rm vss 0 1, na katu usilinganishe kipimo chenye ohmu 1 na uigaji usio nayo.

Modeli isipokubaliana na kipimo, angalia ni wapi inakosea kabla ya kubadilisha chochote. Hamoniki zote za chini ya kilele zikiwa juu au chini kwa kiasi kilekile, chaji imekadiriwa vibaya. Kosa likiwa karibu na kilele tu, rudi kwenye mtandao tuli, hasa ukinzani. Likiwa juu ya 300 MHz, kitako cha pigo ni kirefu au kifupi mno, au kuna njia ya kuvuja ambayo hukuiweka kwenye modeli. Mimi huridhika na tofauti ya desibeli 6 kwa hamoniki zenye nguvu, na sitafuti zaidi ya hapo, kwani chipu mbili za kundi moja zenyewe hazifanani kikamilifu.

Hatua ya sita: toa chanzo halisi kutokana na kipimo

Mtandao tuli ukishaaminika, pembetatu ya kukadiria inaweza kuachwa. Chukua spektra iliyopimwa, fanya masahihisho ya desibeli 9, kisha gawa kila hamoniki kwa uwiano wa ukuzaji uliotoka kwenye uchambuzi wa masafa, huku ohmu 1 ikiwa bado ndani. Kinachobaki ni ukubwa wa mkondo wa ndani katika kila hamoniki, na unaweza kuuingiza kwenye programu kama orodha ya vyanzo vya sine. Kichanganuzi cha spektra hakitoi awamu, kwa hiyo huwezi kurudisha umbo la pigo katika muda. Kwa utabiri wa kelele, ambao unahukumiwa hamoniki moja moja, hilo si hasara. Usigawe mahali ambapo kipimo kimezama kwenye kelele za kifaa chenyewe, maana utapata mkondo mkubwa wa kubuni.

Miguu ya ishara ina namna yake. Kwa miguu hiyo tumia faili za IBIS, muundo wa kueleza tabia ya miguu ya chipu ulioanza mwaka 1993 na ambao watengenezaji wengi wa chipu huutoa bure. Faili hizo hueleza nguvu na kasi ya mguu unapobadilika, pamoja na induktansi ya ganda lake. Hazielezi kelele za kiini, kwa hiyo hazichukui nafasi ya kazi iliyofanywa hapo juu.

Hatua ya saba: kutoka kwenye mkondo hadi kwenye uga

Kwa makadirio ya kwanza ya uga unaosambaa, kichukulie kitanzi cha mkondo kuwa antena ndogo. Katika nafasi wazi, uga wa juu kabisa kwa volti kwa mita ni 1.316 × 10⁻¹⁴ mara mraba wa masafa, mara eneo la kitanzi kwa mita za mraba, mara mkondo, kugawa kwa umbali. Mkondo wetu wa 163 mA kwenye 72 MHz una thamani faafu ya 115 mA. Kitanzi cha ndani ya ganda chenye milimita za mraba 10 kingetoa, kwa mita 3, takriban 28 dBµV/m, kabla ya kuhesabu wimbi linaloakisiwa na sakafu ya maabara. Kiwango cha kimataifa cha CISPR 32 kwa vifaa vya daraja B, yaani vya matumizi ya nyumbani, kinaruhusu 40 dBµV/m katika umbali huo kwa masafa ya 30 hadi 230 MHz. Kwa hiyo chipu yenyewe inapita, tena kwa nafasi. Lakini mkondo huohuo ukizunguka kwenye kitanzi cha bodi chenye sentimita moja ya mraba, kwa kuwa kapasita ya nje imewekwa mbali, uga unapanda kwa desibeli 20 na kuvuka mpaka. Kitanzi kikubwa pia huongeza induktansi na kuhamisha kilele, hivyo irudie hesabu yote, usibadilishe eneo peke yake. Anayetaka kuhakiki upande huu kwa kipimo atumie seli ya TEM ya IEC 61967-2, kisanduku cha chuma kinachonasa uga wa chipu, ambamo chipu hukaa upande mmoja wa bodi ndogo na vifaa vingine vyote upande wa pili.

Hatua ya nane: jaribu tiba ndani ya modeli kwanza

Tiba inayokuja haraka akilini ni kupunguza induktansi. Tuseme umepanga upya bodi na kutumia jozi ya pili ya miguu, na jumla imeshuka kutoka 5 nH hadi 3 nH. Kilele kinahamia takriban 92 MHz. Hamoniki ya 72 MHz inatulia hadi 55 mA, lakini ya nne, kwenye 96 MHz, sasa inafikia karibu 105 mA. Kwa mkondo umeshinda desibeli 4. Kwa uga, ambao hukua kwa mraba wa masafa, umepoteza yote uliyoshinda na zaidi kidogo, isipokuwa kama eneo la kitanzi nalo limepungua.

Tiba ya pili ni kuongeza ukinzani. Rezista ya ohmu 1 kati ya kapasita ya nje na mguu wa VDD inashusha mkondo wa 72 MHz kutoka 163 hadi 38 mA, yaani zaidi ya desibeli 12, na inagharimu 12 mV za volti ya wastani kwa matumizi ya 12 mA. Angalia volti kati ya vi na gi katika uigaji uleule, kwa sababu huo ndio umeme ambao transista zinauona, na chipu iliyotulizwa kelele kwa kunyimwa umeme itaanza kujianzisha upya bila sababu inayoonekana. Katika mfano wetu mtetemo wa ndani unapungua pamoja na wa nje, kwani kilele kilekile ndicho kilichokuwa kikiwalisha wote wawili, lakini kwenye chipu yenye kapasitansi ndogo ya silikoni matokeo yanaweza kuwa kinyume. Jaribu ohmu 0.5, 1 na 2, na uchague iliyo ndogo kuliko zote inayokutosha.

Ukimaliza, hifadhi faili ya modeli pamoja na volti, joto la chumba, masafa ya kloki, toleo la programu iliyokuwa ikiendeshwa, na mchoro wa bodi iliyotumika kupima.